Sikiliza Nyuma

Nilikwenda kufanya usaili wa snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, nikarudi nyumbani na besi ya tatu, moja ya zile kubwa zenye mlio mzito.

Ilikuwa Novemba 2022, Jumapili jioni, ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule moja nje kidogo ya Dayton, Ohio. Tulikuwa tumepiga tangu Ijumaa usiku. Wapigaji 23 tuligombea nafasi 8 za snea, tumesimama nusu duara, kila mtu na pedi yake ya mpira juu ya stendi. Mwalimu alipita mbele yetu taratibu. Hakutazama uso wa mtu, alitazama mikono. Mkwiro unapanda inchi 3, halafu 6, halafu 9, halafu 12, na ya watu wote lazima isimame kwenye kimo kimoja. Mapigo nane mkono wa kulia, nane wa kushoto, bila kukoma, metronomu, kifaa cha kushika kasi, ikigonga kutoka kwenye spika. Ukisimuliwa zoezi hilo utadhani ni la watoto wa chekechea. Lipige na wenzako 22 mkitaka isikike ngoma moja, hapo utajua.

Mikono yangu ilikuwa na kasi na nguvu. Miezi minne nilikuwa nimejifungia chumbani na yale mapigo ya msingi 40 ambayo chama cha wapiga ngoma cha Marekani kiliyaorodhesha mwaka 1984, nikayapiga moja baada ya jingine hadi jirani wa chini akaja kubisha hodi. Sikuwa na shaka kwamba nafasi ni yangu.

Baada ya zoezi la mwisho mwalimu wa safu ya besi aliniita pembeni. "Nimekuangalia siku tatu," akasema. "Miguu yako haiyumbi. Nakuhitaji katikati ya safu yangu."

Nilimshukuru. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari, funguo mkononi, nikashindwa kuliwasha kwa muda mrefu.

Nieleze kidogo kwa asiyeujua mchezo huu. Shule za Marekani zina bendi zinazopiga huku zikitembea uwanjani wakati wa mechi za futiboli yao. Baridi ikishaingia nje hakukaliki, na wapiga ngoma huhamia ndani. Wanatandika turubai kubwa lililopakwa rangi juu ya sakafu ya mpira wa kikapu, wanavaa mavazi ya kuigiza, wanapiga na kutembea kwa dakika kadhaa, na majaji wanatoa alama kati ya 100. Snea, kwadi (ngoma kadhaa zilizounganishwa pamoja) na besi zinabebwa kwa fremu ya mabegani. Mbele, karibu na watazamaji, kunasimama vyombo visivyobebeka: marimba, vibrafoni yenye vibao vya chuma, kinanda, ngoma za kupigwa umekaa. Neno "marimba" mwalimu alilitamka kwa Kiingereza chake bila kujua kwamba katika ukumbi ule lilikuwa neno la kwetu, lililovuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Nililifurahia kila nilipolisikia, msimu mzima.

Mashindano yenyewe yanaendeshwa na Winter Guard International, WGI kwa kifupi, iliyoanzishwa mwaka 1977 kwa ajili ya vikundi vya wacheza bendera. Ngoma zilipata mashindano yake mwaka 1993. Makao makuu yao yako Dayton, na fainali kubwa hupigwa UD Arena, ule uwanja ulio kando ya mto Great Miami, kwenye barabara yenye jina la Edwin C. Moses, mkimbiaji wa kuruka viunzi aliyezaliwa mjini hapa. Tulipohamia Dayton mwaka 2016 tulipanga nyumba kwenye njia ya basi inayopita karibu na hapo. Kila Aprili niliona malori yamejipanga na vijana wa rika langu wakitembea na ngoma kwenye maegesho, wakipiga, wakisimama, wakirudia kile kile. Nilidhani ni jeshi.

Baba yangu ni mpiga ngoma, na ndiyo maana besi ya tatu iliniuma.

Alizaliwa Baraka, upande wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Vita vilipolipuka mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika, na mimi nikazaliwa Nyarugusu, kambi iliyoko wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, mwaka 2003. Kanisani kwetu kambini ngoma kubwa ilikuwa yake. Hakuwahi kuhesabu moja mbili tatu nne maishani mwake. Mtu wa kwaya akianza wimbo kwa sauti ya juu mno au kwa haraka mno, Baba alisubiri, akatega sikio, akaingia mahali ambapo hata aliyeanzisha hakujua kwamba pako wazi. Alinifundisha kwa maneno machache. "Ngoma ni sikio, mwanangu. Mkono unafuata."

Na sikio nililopewa lilinisaidia. Mwaka 2017 nilipoanza sekondari hapa sikuwa na Kiingereza cha kutosha kuomba ruhusa ya kwenda msalani, lakini mwalimu wa bendi aliponigongea mdundo mezani niliurudisha wote, akanipa mikwiro siku ile ile. Machi 2020 tulikuwa tumebakiza wiki chache kabla ya mashindano makubwa, kisha korona ikafunga kila kitu. Ubingwa wa WGI ulifutwa mwaka huo, na mwaka 2021 makundi yalishindana kwa kutuma video. Nikamaliza shule bila kukanyaga UD Arena. Kwa hiyo nilipofika kwenye usaili ule wa kundi huru, lisilo la shule, nikiwa na miaka 19 na kazi ya ghalani usiku, nilikuwa nimebeba deni la miaka mitatu.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa hajalala.

"Wamekupa ipi?"

"Besi, Baba."

"Besi ndiyo ipi?"

"Ile kubwa. Inabebwa mbele ya tumbo."

Uso ukamchangamka. "Kubwa? Basi wamekuona!"

Kwetu ngoma kubwa ni ya mkubwa. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba kubwa hii ni moja kati ya tano, na kwamba katika mdundo mzima nitapiga noti moja, ninyamaze, nisubiri zamu yangu irudi.

Hivyo ndivyo besi zinavyofanya kazi. Ya kwanza ni ndogo, sauti yake juu. Ya tano ni kubwa, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Yangu ilikuwa na kipenyo cha inchi 22, yaani sentimita 56. Wimbo unakatwa vipande, kila mtu anapewa kipande chake, na vipande vikiungana vizuri msikilizaji anasikia mkono mmoja ukikimbia kutoka juu hadi chini kama jiwe linalobingirika kwenye ngazi. Kwa kasi ya mapigo 180 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, sekunde moja ina noti 12. Noti 12 kwa watu watano. Ukichelewa kidogo jiwe linakwama ngazini, na ukumbi mzima unasikia.

Desemba yote hatukugusa ngoma kwa saa za mwanzo za siku. Tuliimba. Kila mmoja alipewa silabi, tukasimama uso kwa uso kwenye duara dogo, tukaipitisha silabi mdomo kwa mdomo polepole, metronomu ikiwa 60. Tukahamia viganja. Tukahamia pedi. Mwalimu alikuwa na neno alilolirudia kila Jumamosi: "Usipige noti yako. Piga wimbo wote kichwani, mkono wako utoe iliyo yako." Mwanzoni nililichukua kama maneno ya kupamba. Lilikuwa maelekezo ya kazi. Nilipojaribu kuisubiri noti yangu, nilichelewa. Nilipoziimba zote tano ndani, mkono uliondoka wenyewe.

Tuliitana kwa namba. Moja alikuwa dada anayemaliza masomo ya uuguzi, mtulivu kuliko sisi sote. Mbili alikuwa fundi umeme mwanafunzi. Nne alikuwa binti wa kutoka vijiji vya mashamba ya mahindi, kaskazini, aliyeendesha gari saa mbili kila wikiendi. Tano hakuongea sana. Alikuwa na mabega ya kubebea ngoma ile na moyo wa kubebea watu. Ilinichukua muda kuzoea kumwita mwalimu kwa jina lake tupu, kama wanavyofanya hapa. Ulimi wangu ulikataa. Mwisho wa Januari nikawa namwita "Kocha", akalipokea.

Jumamosi ilianza saa 3 asubuhi ikaisha saa 4 usiku. Kabla ya lolote tulitandika turubai, na turubai hilo ni somo peke yake. Linakunjwa kwa mpangilio mmoja tu, kama kitenge kinavyokunjwa dukani, ili siku ya mashindano watu 20 walikimbize kutoka mlangoni na kulifungua kwa sekunde chache. Muda wa kuingia na kutoka unapimwa, na ukizidisha unakatwa alama. Tulilifungua na kulikunja hadi vidole vikapasuka kwa baridi. Mfupa wa nyonga yangu ulikuwa na alama nyekundu pale fremu ya ngoma inapoegemea, alama isiyofutika kutoka Jumapili moja hadi nyingine. Nilifunga plasta kidole cha shahada na cha kati, mikono yote miwili, na ghalani usiku nilibandua kwanza ile iliyoshikana na ngozi ndipo nikaweza kuvaa glavu.

Nisiache jambo la fedha, kwa sababu wanaoandika kuhusu mchezo huu hulipita haraka. Ada yangu ilikuwa dola 1,350 kwa awamu tano, bila viatu, bila mafuta ya gari, bila hoteli. Januari zamu zilipunguzwa ghalani nikakwama. Mama hakuniuliza kitu. Alikanda unga, na Jumamosi iliyofuata nilikwenda mazoezini na boksi la mandazi ya moto yaliyofungwa kwa taulo, nikayauza dola moja moja wakati wa chakula cha mchana. Kufikia Machi wazazi wa wenzangu walikuwa wanaagiza kabla. Mandazi ya Mama yalilipa awamu mbili. Lakini niliwaona pia vijana wawili wa usaili, wapigaji wazuri kunizidi, walioondoka Jumapili ile baada ya kusomewa ada, na hawakuwa na mama wa kukanda unga. Mchezo huu unawapoteza watu kama hao kila mwaka, na inauma.

Februari ilikwenda vizuri. Mashindano ya hapa hapa Ohio yalikuwa kwenye kumbi za shule, na katika michoro ya mwanzo, yaani mipangilio ya kusimama kwenye turubai, safu ya besi ilisimama imebanana nyuma ya marimba. Sikio la Baba lilinibeba. Nilisikia, nikajiunga. Alama zilipanda wiki kwa wiki, na nikaanza kuamini kwamba nimeshaelewa kila kitu.

Kisha Machi tukaenda Indianapolis, mashindano ya kanda, ukumbi mkubwa wenye dari la mbali. Wiki hiyo walimu walikuwa wamebadilisha mchoro wa sehemu ya mwisho: besi zitawanyike, kila moja mahali pake, mimi kona ya nyuma kulia. Mkimbio mkubwa wa msimu, zile noti zinazopita kutoka besi hadi besi, ulikuwa hapo hapo. Nilifika kwenye kona yangu, nikatega sikio, nikaisikia marimba iko wazi kabisa mbele kushoto, nikajiunga nayo kama nilivyofundishwa tangu utoto. Noti yangu niliipiga kwa uhakika wote.

Majaji huongea kwenye kinasa sauti huku wanatazama, na kundi hupewa sauti hizo baadaye. Tulizisikiliza ndani ya basi usiku. Sauti ya jaji wa muziki ilikuwa tulivu, haina ukali. Alisifu mwanzo, akasifu kwadi, kisha tulipofika kwenye mkimbio akasema besi zimeachana, kuna moja, ya sauti ya katikati, inafika baada ya wenzake. Akasema tena mzunguko wa pili. Na wa tatu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nne, aliyekaa kando yangu, alimenya chungwa, akaniwekea nusu kwenye goti bila kusema neno.

Kilichonitesa ni kwamba nilikuwa na hakika nilipiga sawasawa. Niliisikia marimba na ngoma yangu zikiwa pamoja. Kwa masikio yangu haya.

Jumamosi iliyofuata Kocha alinipeleka kwenye kona yangu, akaniacha pale, akaenda kusimama mwisho wa turubai mbele kushoto. Akapiga makofi mara moja, mikono ameinyanyua juu. Nikaona viganja vinakutana. Halafu nikasikia. Katikati ya kuona na kusikia palikuwa na ufa mdogo, na miaka yote niliyopiga ngoma sikuwahi kuutazama.

Usiku ule ghalani, wakati wa mapumziko, nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mzigo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Turubai letu lilikuwa na upana wa mita 27 na kina cha mita 18, kwa hiyo kutoka marimba ile hadi kwenye kona yangu ni mita 30 na ushei. Sauti inahitaji karibu sekunde 0.09 kuvuka. Na noti moja ya mkimbio wetu, kwa kasi ya 180, ni sekunde 0.083. Niliyaangalia mafungu hayo mawili ya tarakimu kwa muda mrefu. Kumbe nilipojiunga na kile nilichokisikia, nilikuwa nimeshachelewa noti nzima kabla mkwiro haujagusa ngozi. Na sauti yangu nayo ilibidi isafiri kurudi mbele kwa jaji, ikachelewa mara ya pili.

Kanuni ya mchezo huu ina maneno mawili: sikiliza nyuma. Aliye mbele asikilize sauti inayotoka mgongoni kwake na kupiga pamoja nayo inapompita, ili zote mbili ziwasili kwa watazamaji kwa wakati mmoja. Aliye nyuma kabisa hana wa kumsikiliza. Mbele yake kila kitu anachokisikia kimeshapita. Yeye anatazama: miguu ya mpigaji wa snea aliyesimama katikati, ambaye ndiye anashika saa ya kundi zima. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma kabisa.

Kulijua hilo kulinichukua usiku mmoja. Kulifanya, wiki tatu. Sikio lina nguvu. Unaweza kuliambia linyamaze na bado likakuvuta kwenye mkono wa shati kama mtoto sokoni. Nilianza kuvaa vizibo vya masikio, ambavyo wenzangu wote walikuwa wanavivaa tangu Desemba ili kulinda usikivu wao na mimi nilivikataa kwa kuona vinaniibia muziki. Vilinisaidia. Marimba ikarudi mbali, visigino vya yule kijana wa katikati vikaja karibu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, kisigino cha kushoto kimechubuka. Nadhani nitavitambua viatu vile nikivikuta popote duniani.

Katika wiki hizo ndipo nilipowakumbuka Warundi. Mwaka 2015, nikiwa na miaka 12, walianza kuingia Nyarugusu kwa maelfu, na baadhi yao walipata namna ya kupiga ngoma zao hata pale kambini. Tulikimbia kwenda kuwatazama. Wanasimama nusu duara, ngoma moja katikati, inkiranya. Kuna zinazoshikilia mdundo usiobadilika, amashakwe, na kuna zinazoifuata ile ya katikati, ibishikizo. Kelele yake inaingia hadi kwenye meno. Nilikuwa nakumbuka kelele na miruko. Sasa, nimesimama kwenye kona ya ukumbi wa shule huko Ohio na vizibo masikioni, nilikumbuka macho. Wale wa pembeni walikuwa hawaangalii watu, hawaangalii ngoma zao. Walimtazama mtu mmoja.

Nilimuuliza Baba kama yeye alilijua hilo. Alifikiri. "Kanisani nilikuwa nasimama hapa," akasema akionyesha kiti, "na kwaya ilikuwa pale." Akaonyesha mlango wa jikoni. Hatua nne. Hakuhitaji kulijua.

Wiki za mwisho zilipita bila mambo mengi ya kusimulia. Kurudia. Dakika moja ya muziki kwa saa mbili, tena, tena. Mbili aliumia kifundo cha mkono akapiga na bandeji. Theluji ilianguka Machi mwishoni na hakuna aliyeijali.

Alhamisi ya mchujo tulipiga Nutter Center, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Wright State, tukapita. Ijumaa ilikuwa nusu fainali, na Baba aliomba ruhusa kazini akaja na Mama na mdogo wangu, ambaye alipoona nimevaa vazi la kijivu na uso umepakwa rangi alinipita mara mbili kabla ya kusema, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "Yaya, ni wewe?"

Tulipasha mikono kwenye maegesho, upepo ukipeperusha karatasi za muziki za kundi jingine. Tukaingia kwenye korido ndefu yenye giza. Hapo watu 38 wananyamaza kabisa. Unasikia tu magurudumu ya marimba na skurubu za fremu zikilia. Tano aliweka kiganja juu ya ngoma yake kuituliza isitikisike. Mlango ukafunguliwa, tukakimbiza turubai kwenye mwanga.

Sehemu za mwanzo zilinipita kama ndoto. Nilikuja kuamka kwenye kona. Nilifika kwa hatua 16 za kurudi nyuma, nikasimama, nikavitafuta visigino vyeupe nikavipata. Mkimbio ukaanza. Niliziimba zote tano kichwani. Marimba niliisikia ikija kutoka mbali, kama mtu anayekuita jina ukiwa umeshampita njiani, nikaiacha ipite. Ilikuwa vigumu kuiacha. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Pale nilipokuwa, kila kitu kilisikika kimevurugika: wenzangu wanne kwa nyakati nne tofauti, mwangwi wa ukuta, kelele za watu. Kwa masikio yangu ulikuwa mdundo uliovunjika. Nikaendelea kutazama viatu.

Tulipokunja turubai na kutoka, Kocha alikuwa anatusubiri nje ya mlango wa nyuma. Alikuwa ametazama kutoka jukwaani. Hakusema sentensi. Alinyoosha mkono, akauteremsha hewani kutoka juu hadi chini kwa mstari mmoja, bila kukwama.

Hatukuingia fainali. Tulipungukiwa nafasi mbili. Tulisimama kwenye duara maegeshoni, Moja akalia, kwa sababu alikuwa anakwenda kuanza kazi hospitalini na hatapiga tena. Alituomba tuimbe silabi zetu mara ya mwisho, kwa kasi ya 60, kama Desemba. Tukaziimba tukiwa tumeshikana mabega.

Jumamosi usiku nilikwenda UD Arena na Baba kutazama daraja la juu kabisa. Tiketi zetu zilikuwa safu za mwisho, karibu na dari, na uwanja umejaa. Kundi la kwanza likatandika, likaanza. Baba aliinama mbele, viwiko magotini, kama anavyokaa kanisani. Dakika nzima hakusema. Kisha akanishika mkono.

"Mbona mikono inatangulia? Wanapiga, halafu ndiyo nasikia."

"Tuko mbali, Baba. Sauti bado inapanda."

Akatazama chini tena, kwenye safu ya snea, mikwiro ikishuka kimyakimya na mlio ukifika baadaye. Akaanza kugonga goti lake kwa kidole, akifuata sikio. Akasita. Akamtafuta kwa macho yule wa katikati, akamtazama kwa muda, kisha kidole kikaanza upya, sasa pamoja na mikono ya chini kule, mbele ya sauti.